UZI: Gophers wa Minnesota, tangu 2003 hakuna kombe. Tatizo ni kikosi au ni malezi ya timu?

#1 MtuWaCedar

Wadau wa magongo ya barafuni, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu ile fainali ya Tampa ya 2023, naomba tulichambue.

Nilihamia Minneapolis 2004. Gophers, timu ya wanaume ya chuo kikuu cha Minnesota, walikuwa wametoka kuchukua kombe la taifa mara mbili mfululizo, 2002 na 2003. Ukiongeza yale ya kocha Herb Brooks (1974, 1976, 1979) yanakuwa matano. Jirani yangu aliyenipeleka Mariucci, uwanja wao, mara ya kwanza aliniambia, "Zoea tu, hapa makombe ni kawaida." Mpaka leo sijaona hata moja.

Sasa tazameni kikosi cha 2023. Safu ya kwanza Matthew Knies, Logan Cooley na Jimmy Snuggerud. Nyuma nahodha Brock Faber na Jackson LaCombe. Nusu fainali tuliwachapa Boston University 6-2. Fainali tukaongoza 2-0 dhidi ya Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho nusu ya watu hapa walikuwa hawajui hata kulitamka jina lake. Wakarudisha moja, wakatoa kipa wakaongeza mshambuliaji, wakasawazisha dakika za mwisho, na kwenye muda wa nyongeza hata dakika haikuisha. 3-2.

Hata wiki haikupita, Knies na Faber walikuwa wameshasaini NHL, ligi kuu ya kulipwa. Cooley akasema anarudi, kisha kabla msimu haujaanza akasaini naye. Mwaka 2025 tumetolewa na UMass (chuo cha Massachusetts) 5-4 raundi ya kwanza, na Snuggerud, Sam Rinzel na Oliver Moore wakaondoka siku zile zile.

Dai langu: vipaji tunavyo. Tulichokosa ni timu. Chuo kimegeuka stendi, kila kijana amekaa na begi mapajani anasikilizia basi lake. Mtu wa namna hiyo hawezi kujitupa mbele ya kisahani (ndio "mpira" wetu wa barafuni) dakika ya 58 kwa ajili ya mwenzake. Nani ananipinga?

#2 Kipa_Mstaafu

Nakupinga mimi. Kwanza sahihisho: si "hata dakika haikuisha", ni sekunde 10. Jacob Quillan. Wakawania kisahani katikati, wakatoa pasi, goli. Ule mpango ulikuwa umeandaliwa chumbani kabla hawajatoka. Usiseme vijana wetu hawakujituma, sekunde 10 hazitoshi hata mtu kukosa moyo.

Pili, ulitazama ile mechi au ulitazama matokeo? Mashuti yalikuwa 30 kwa 15 kwa faida ya Quinnipiac. Kipa wetu Justen Close ndiye aliyetuweka hai. Mimi nilidaka magongo ya nyasi pale City Park Nairobi miaka mingi, na nakwambia kipa akipigwa mara mbili ya mwenzake, kosa liko kiungo na linarudi nyuma. Tulishindwa kutoa kisahani kwenye eneo letu. Hilo ni zoezi, wala si roho ya mtu.

#3 Fargo_Kivu

Jambo ndugu zangu. Mimi ni wa Bukavu, naishi Fargo, na timu yangu ni North Dakota, makombe 8. Nimepita tu kuwapa pole.

UMass waliwatoa hapa hapa Fargo, nilikuwa ndani. Mwaka 2006 Holy Cross waliwatoa Grand Forks, kwenye uwanja wetu. Sijui kwa nini munapenda kuja kulilia kwetu.

#4 MtuWaCedar

@Kipa_Mstaafu sekunde 10, nakubali. Ila umenisaidia: timu inayoongoza 2-0 halafu inajifungia nyuma kipindi kizima imeogopa. Na woga ndio malezi ninayoyasema.

@Fargo_Kivu karibu, kaa hapo mlangoni.

#5 BabaTimo

Asante kwa uzi. Mimi naona mnazunguka mbali. Zamani Gophers ilikuwa timu ya watoto wa Minnesota watupu. Mtoto anazaliwa hapa, anateleza kwenye bwawa nyuma ya nyumba, anacheza sekondari, Machi anaingia mashindano ya jimbo pale St. Paul, halafu anavaa jezi ya rangi ya damu ya mzee. Anajua babu yake atakuwa jukwaani. Hiyo ndiyo Athletic Bilbao ya Marekani, kama ile klabu ya Hispania inayochezesha watoto wa kwao tu. Makombe yote matano yalichukuliwa na watoto wa hapa. Tulipoanza kuleta wa Pennsylvania na Arizona (Cooley na Knies hao hao), tukaacha kushinda. Hesabu nyepesi.

#6 Fargo_Kivu

@BabaTimo rudia hapo. Makombe yote matano?

Kombe la 2002 nani alifunga goli la muda wa nyongeza? Grant Potulny. Ametoka wapi? Grand Forks, North Dakota. Ndiye mchezaji pekee kwenye kile kikosi ambaye hakuwa mtoto wa Minnesota. Wote waliobaki walikuwa wa kwenu na mulisubiri wa kwetu aje kuwafungia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

#7 Mdau_Karatasi

Hahaha, Fargo hapo amesema kweli tupu. Naongeza: fainali ile ilikuwa dhidi ya Maine, 4-3, na ilichezwa St. Paul. Matt Koalska alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 53, kipa akiwa ametolewa. Yaani 2002 sisi tuliwafanyia Maine kile kile ambacho Quinnipiac walitufanyia 2023. Mwaka ule watu hawakuandika kwamba Maine wana malezi mabovu.

Na 2003 nyota alikuwa Thomas Vanek, Mwaustria, mwaka wa kwanza chuoni. Kwa hiyo @BabaTimo makombe yetu mawili ya mwisho yana mkono wa wageni.

Kinyume chake pia kipo. Kocha Doug Woog, 1985 hadi 1999, alishikilia vijana wa Minnesota karibu watupu. Alifika fainali 1989, hapa hapa St. Paul, akafungwa na Harvard 4-3 muda wa nyongeza baada ya Randy Skarda kugonga mwamba. Miaka 14, watoto wa nyumbani, makombe sifuri. Kama damu ya nyumbani ingetosha, Woog angekuwa na kabati limejaa.

#8 BabaTimo

Nimesahihishwa kuhusu Potulny, asanteni. Lakini mgeni mmoja ndani ya nyumba ya watu wanaofahamiana anafuata desturi za nyumba. Wageni kumi wanaleta desturi kumi. Hapo bado sijajibiwa.

#9 BintiWaMwanza

Jamani, mbona mnasema "Gophers hawajachukua kombe tangu 2003" kana kwamba wanawake hawapo? Mlango wa pili, Ridder Arena, umeungana na Mariucci. Timu ya wanawake ya chuo hicho hicho ilichukua makombe ya taifa 2004, 2005, 2012, 2013, 2015 na 2016. Msimu wa 2012-13 walicheza mechi 41 wakashinda 41. Sikosei, arobaini na moja kwa sifuri. Mfululizo wao wa ushindi ulifika mechi 62.

Nilihamia hapa kusoma uuguzi na tikiti za wanawake ndizo nilizoweza kununua. Nimemwona Amanda Kessel kwa macho yangu. Na hapa nataka mnisikilize, maana lina uhusiano na mada. Kaka yake, Phil Kessel, alicheza Gophers msimu mmoja tu, 2005-06, akaenda NHL. Ndio ule msimu wa Holy Cross anaoufurahia Fargo. Amanda alikaa. Akaumia kichwa, akakosa muda mrefu, watu wakasema basi, halafu Februari 2016 akarudi kumalizia na wakachukua kombe mbele ya Boston College ambao walikuwa hawajafungwa msimu mzima.

Baba mmoja, mama mmoja, jezi moja, chuo kimoja. Tofauti ni kwamba kaka alikuwa na NHL inamngoja na dada hakuwa na ligi ya kumtajirisha. Kwa hiyo MtuWaCedar ana hoja, ila asiwalaumu vijana. Hata mimi ningepanda hilo basi.

#10 Mzee_wa_Duluth

Post #9 ndiyo bora mpaka sasa.

Nami niseme kama mtu wa kaskazini. Duluth tumechukua kombe 2011, 2018 na 2019. Jimbo lile lile, baridi kali zaidi, fedha kidogo zaidi. Kocha Scott Sandelin alikaa tangu 2000 na watu wanajua anataka nini. Mkitaka kujua siri ya Duluth ni kwamba safu ya nne inacheza kama safu ya kwanza. Kule Minneapolis safu ya nne inacheza huku inatazama saa.

#11 MtuWaCedar

@BintiWaMwanza umenifungua macho kwa huo mfano wa Kessel. Naurekebisha uzi wangu: nilaumu mfumo, si mtoto.

@Mzee_wa_Duluth hiyo ya safu ya nne ndiyo nilitaka kuisema na sikuwa na maneno.

#12 Mdau_Karatasi

Samahani, nitauvunja huo mfano wa Kessel ingawa ni mtamu.

Kama tatizo ni vijana kuondoka mapema, basi timu ya wanawake, ambayo wachezaji wake wanakaa miaka minne, ingeendelea kushinda. Kombe lao la mwisho ni 2016. Clarkson wakachukua 2017 na 2018, na tangu 2019 Wisconsin na Ohio State wamekuwa wakigawana wao kwa wao. Fainali ya 2025 ilichezwa Ridder, nyumbani kwa Gophers, na waliokuwa barafuni ni Wisconsin na Ohio State. Ukame umewakuta wanaokaa na wanaoondoka.

#13 BintiWaMwanza

@Mdau_Karatasi miaka tisa si sawa na ishirini na mbili. Ila nakubali umenigusa panapouma, ile fainali ya Ridder niliitazama nyumbani maana sikutaka kuwaona Wisconsin wakishangilia pale. Walishangilia.

#14 Mgeni_Tanga

Samahani wakuu, nipo Tanga, nimeingia huku nikidhani mnaongelea mpira wa magongo tuliocheza shule. Safu ya kwanza, safu ya nne ni kitu gani? Kuna wachezaji wangapi?

#15 Kipa_Mstaafu

@Mgeni_Tanga karibu. Barafuni wanakuwa sita kila upande: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Mchezo ni vipindi vitatu vya dakika 20. Lakini mbio zake ni kali kiasi kwamba mtu anacheza chini ya dakika moja kisha anaruka ukuta kukaa benchi na mwenzake anaingia, mchezo ukiendelea. Kwa hiyo kocha anapanga safu nne za washambuliaji watatu watatu na jozi tatu za mabeki. Safu ya kwanza ni ya mafundi wa magoli. Ya nne mara nyingi ni ya wachapakazi: kugonga, kukaba, kuchosha wapinzani. Kisahani ni kile kidude cheusi cha mpira mgumu, ndio "mpira" wao.

Ndiyo maana mada ya malezi ya timu ina uzito kuliko kwenye soka. Kwenye soka nyota wako anaweza kucheza dakika 90. Huku hata Cooley anakaa benchi muda mwingi kuliko anaocheza. Anamtegemea yule wa safu ya nne asifungwe.

#16 Mgeni_Tanga

Nimekuelewa sana mkuu. Nabaki humu.

#17 AuroraUsiku

Nipo Colorado, naendesha teksi, abiria wangu wengi wa Ijumaa wanatoka Magness Arena. Denver Pioneers, makombe 10 kufikia 2025, hakuna chuo chenye mengi zaidi. Naomba niwaambie kitu kuhusu malezi ya timu.

Kocha wetu David Carle alipaswa kuwa mchezaji. Alikuwa ameshaahidiwa nafasi Denver, lakini kabla hajaanza chuo madaktari wakamkuta na ugonjwa wa moyo, akaacha kucheza kabla hajavaa jezi hata mara moja. Kocha wa wakati ule, George Gwozdecky, hakumnyang'anya ufadhili wa masomo. Akamfanya msaidizi akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 28, akapewa timu. Akachukua kombe 2022, tena 2024. Lile la 2024 tulilichukulia St. Paul, maili chache kutoka Mariucci kwenu. Nadhani mnakumbuka.

Fainali ile Boston College walikuwa na vijana wa ajabu, Will Smith, Ryan Leonard, Gabe Perreault, wote wa mwaka wa kwanza, na Cutter Gauthier. Hawakupata goli hata moja. 2-0. Chuo kikimtunza mtoto asiyeweza kucheza, wanaoweza kucheza wanaona. Wanajua siku wakivunjika mguu hawatatupwa. Mtu anayejua hilo anajitupa mbele ya kisahani.

#18 Kipa_Mstaafu

Habari nzuri na ya kweli, lakini umeruka jina moja: Matt Davis. Kipa. Aliokoa 35 usiku ule. Toeni Davis muweke kipa wa kawaida, tuone kama malezi yangezuia.

Kila bingwa mnayemtaja ana kipa aliyekuwa moto wiki mbili za mwisho. Mashindano haya ni timu 16, mechi moja moja, ukifungwa unarudi nyumbani. Hakuna marudiano. NHL wanacheza hadi mechi saba ndipo wanajua nani bora, huku wanacheza moja.

#19 Mdau_Karatasi

Na @AuroraUsiku, Denver hao hao walikuwa na Zeev Buium, mwaka wa kwanza, beki wa kutumainiwa kuliko wote. Kwa hiyo "vijana wa mwaka wa kwanza hawashindi" haisimami. Tena 2025 malezi hayo hayo yalifungwa na Western Michigan 3-2 nusu fainali, muda wa nyongeza wa pili, na Western Michigan wakachukua kombe lao la kwanza tangu chuo kianze.

Mimi naelekea upande wa kipa: sehemu kubwa ni bahati ya mechi moja. Minnesota imefika nusu fainali za taifa 2012, 2014, 2022 na 2023. Timu inayofika hapo mara nne katika miaka kumi na mbili haijaoza.

#20 BabaTimo

Bahati ya miaka 22? Hata karata huchanganywa.

#21 MamaWawili

Nasomaga tu, leo niandike. Wanangu wawili wanacheza huku Brooklyn Park, mkubwa ana miaka 13. Mimi Mkisii, sikuwahi kugusa barafu ila ya kwenye glasi kabla sijafika Marekani.

Mnaongea malezi ya timu kana kwamba yanaanza chuoni. Yanaanza saa kumi na moja asubuhi kwenye maegesho ya gari, nyuzi 25 chini ya sifuri, unamfunga mtoto kamba za viatu vya chuma vidole vikiwa havisikii. Vifaa ni ghali. Miaka mitatu ya kwanza tulivaa vya mtumba, na mama mmoja Mmarekani mzee alikuwa ananishikia vya mjukuu wake kila msimu ukiisha bila kunidai senti. Hayo ndiyo malezi niliyoyaona mimi kwenye mchezo huu.

Nimeona na mengine. Kocha mmoja wa watoto, simtaji, alimweka mwanangu safu ya tatu msimu mzima na kila nikimuuliza ananiambia "anahitaji kuzoea". Mwanangu alikuwa wa pili kwa magoli. Aliyekuwa anachezeshwa safu ya kwanza ni mtoto ambaye baba yake alikuwa analipia mazoezi ya ziada ya kiangazi. Nilimwambia mwanangu acheze tu. Alicheza. Usiku analia chumbani anadhani sisikii.

Kwa hiyo ninapowaona Gophers ninajiuliza, wale walioko safu ya nne, ni nani aliwaambia wako pale, na aliwaambiaje? Mtoto anayejua sababu ya kuwekwa nyuma anacheza tofauti na mtoto anayefichwa.

#22 MtuWaCedar

Mama, asante. Nimesoma mara mbili.

#23 Fargo_Kivu

MamaWawili, miye nimenyamaza kwa heshima yako. Salimia vijana. Yule mkubwa akimaliza sekondari umulete North Dakota.

#24 Mzee_wa_Duluth

@Fargo_Kivu hapana, huyo ni wa Duluth. Nilishamchukua tangu aya ya kwanza.

#25 Nai_Panari

Salamu toka Nairobi. Mimi nilijifunza kuteleza pale Panari, barabara ya Mombasa, uwanja ambao Ice Lions, timu ya Kenya ya magongo ya barafuni, wanafanyia mazoezi. Ni mdogo sana ukilinganisha na wa kawaida. Matokeo yake sisi tunapiga pasi fupi fupi na kona tunazijua kama mfukoni, lakini ukitupeleka uwanja mkubwa tunapotea.

Nauliza: Mariucci si ulikuwa na barafu pana ya kipimo cha Olimpiki miaka mingi? Inawezekana walikuwa wanazoea nafasi kubwa nyumbani halafu Machi wanaenda kucheza kwenye barafu nyembamba wanabanwa ukutani?

#26 Kipa_Mstaafu

@Nai_Panari hoja nzuri sana, na ndiyo iliyokuwa inasemwa hapa miaka yote. Barafu pana inapenda watelezaji, nyembamba inapenda wabishi. Walipunguza upana 2021. Kuanzia hapo tumefika nusu fainali mbili mfululizo, 2022 na 2023. Kwa hiyo kuna kitu.

#27 Mdau_Karatasi

Kuna kitu, lakini makombe ya 2002 na 2003 yalichukuliwa na timu iliyokuwa inafanya mazoezi kwenye ile barafu pana pana. Uwanja ulifunguliwa 1993.

#28 BabaTimo

Mdau wewe kazi yako ni kubomoa tu. Jenga hata ukuta mmoja.

#29 Mdau_Karatasi

Haya, ukuta wangu huu. Jimbo hili sasa lina vyuo sita vya daraja la kwanza kwa wanaume: Minnesota, Duluth, St. Cloud, Mankato, Bemidji, na tangu 2021 St. Thomas. Brooks hakuwa anagombania vijana na wote hao. Kati ya 2018 na 2022, kila fainali iliyochezwa ilikuwa na timu ya Minnesota ndani: Duluth mara mbili, St. Cloud 2021, Mankato 2022. Vipaji vya jimbo havijapungua, vimegawanyika. Mankato hao ndio waliotufunga 5-1 nusu fainali ya 2022, wakiwa na vijana ambao zamani wangevaa jezi yetu.

Na cha pili, 2013 tulihamia ligi ya Big Ten. Tukaacha kucheza kila msimu na North Dakota, Duluth, St. Cloud, tukaanza kusafiri kwenda Penn State na Ohio State. Mashabiki wengi wa zamani waliacha kuja. Viti vilionekana. Timu inayokua bila watani wake inakua bila hasira.

#30 Fargo_Kivu

Sasa hapa tunakubaliana wote. Tangu mulipoondoka hata sisi hatuna mtu wa kumchukia vizuri. Simba bila Yanga ni mazoezi.

#31 BintiWaMwanza

Nimecheka hapo. Ila ni kweli, wikiendi ile wakija North Dakota hata hewa ya Mariucci inabadilika.

#32 AuroraUsiku

Kabla hatujamaliza, kanuni mpya. Tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kuu za vijana za Kanada wanaruhusiwa kucheza vyuoni. Zamani ukigusa zile ligi, chuo umekikosa. Gavin McKenna, aliyetajwa kuwa bora wa umri wake, alichagua Penn State mwaka 2025. Na vyuo sasa vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Stendi ya MtuWaCedar itakuwa na mabasi mengi zaidi, ya kuingia na ya kutoka.

#33 MtuWaCedar

Hiyo ndiyo inanitisha. Miaka ijayo safu ya kwanza inaweza kuwa na Wakanada watatu wenye miaka 20 waliokwishacheza mechi mia mbili, na mtoto wa Roseau au Warroad, vimiji vya kaskazini mwa Minnesota, aliyelala na jezi ya Gophers tangu ana miaka minne akaambiwa aende kwingine. Labda tutashinda. Najiuliza nitajisikiaje.

#34 Mgeni_Tanga

Swali la mwisho kutoka Tanga: kuna Mwafrika yeyote amewahi kuchezea hiyo timu?

#35 Shabiki_Kimya

Kyle Okposo. Mkenya yule, kazaliwa St. Paul.

#36 BintiWaMwanza

@Shabiki_Kimya Mkenya tena? Baba yake ni Mnigeria. Kuzaliwa St. Paul ni sahihi. Alicheza Gophers akaondoka Desemba 2007, katikati ya msimu, New York Islanders walimwita. Watu wa hapa walikasirika sana. Baadaye alikuwa nahodha Buffalo, na 2024 akainua Stanley Cup, kombe la NHL, na Florida.

#37 Kipa_Mstaafu

Nami nilikasirika 2007. Nilikuwa nimelipia tikiti za msimu mzima kwa ajili yake. Alipoinua lile kombe la 2024 nilisimama sebuleni peke yangu nikapiga makofi.

#38 MamaWawili

Picha ya Okposo iko ukutani kwa mwanangu mkubwa. Hakuwa hata amezaliwa alipokuwa Gopher. Nilimuuliza jana, baada ya kusoma uzi huu, kama angekuwa Okposo angeondoka Desemba au angemaliza msimu na wenzake. Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Walikuwa wanashinda?"

#39 MtuWaCedar

Mwambie walimaliza kwa shida. Kisha tuambie amesema nini.

Msimu ukianza, wa Minneapolis tukutane lango la Mariucci upande wa Oak Street, saa moja kabla. MamaWawili, tikiti za vijana wawili ziko juu yangu. Fargo, na wewe njoo, ila uache hiyo jezi ya kijani kwenye gari.

#40 Fargo_Kivu

Nitaivaa chini ya koti.